Muyaka bin Haji: Malenga wa Mji Uliozaliwa na Miji

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hukutana na jina la Muyaka bin Haji mapema, pengine kabla hajamjua mshairi mwingine yeyote wa kale. Hukutana nalo katika orodha ya magwiji wa shairi la mizani 16, hulikariri kwa ajili ya mtihani, kisha akaliacha lilale. Mwandishi wa makala haya naye alilijua jina hilo kwa njia iyo hiyo alipokuwa mwanafunzi wa shule ya upili mjini Lodwar, zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kutoka Mombasa alikoishi na kutunga malenga huyo.

Baadaye, alipopata nafasi ya kufundisha Kiswahili Kakuma, swali la mwanafunzi mmoja lilimlazimisha kulitazama jina hilo upya. Darasa lilikuwa na Waturkana wa Kakuma mjini pamoja na wenzao waliotoka Sudan Kusini, Somalia, Ethiopia, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Baada ya kuelezwa kwamba Muyaka alikuwa mshairi wa Mombasa, mwanafunzi huyo alitaka kujua Muyaka alikuwa wa watu gani hasa ndani ya Mombasa, na kama watu wa makundi mengine ya mji ule walikubali awasemee. Mwalimu hakuwa na jibu la kuridhisha. Makala haya ni jaribio la kulijibu swali hilo, ingawa kwa kuchelewa.

Hoja yetu ni kwamba maisha ya Muyaka hayawezi kueleweka pasi na mji wake, na kwamba mji huo haukuwa mmoja tangu asili. Mombasa aliyoizaliwa ilikuwa mji uliotokana na miji. Kilichowafanya wakazi wake kuwa watu wa mji mmoja hakikuwa kuyatupa majina ya kwao, bali kuwa na baraza moja la kupatania na lugha moja ya kulumbania. Lilipoharibika la kwanza, mji ulianguka. La pili lilibakia, na ndilo lililotufikishia jina la Muyaka.

Mji wa Mataifa Kumi na Mawili

Msomaji anayeitazama Mombasa ya leo huona jiji moja kubwa. Hata hivyo, Waswahili wa asili wa mji huo hujitambulisha kwa jina la Thenashara Taifa, yaani mataifa 12. Mataifa haya hugawanyika katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni Thalatha Taifa, lenye Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Kundi la pili ni Tisa Taifa, lenye Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa, Wapate, Wapaza, Washaka, Wabajuni na Wakatwa.

Yatosha kuyasoma majina hayo ili kutambua kwamba mengi yake ni majina ya miji. Kilifi na Mtwapa ilikuwa miji iliyositawi kaskazini mwa Mombasa, na magofu yake yangali yanaonekana. Pate, Paza na Shaka ni miji ya pwani ya kaskazini zaidi. Miji hii ilipodhoofika, au ilipokumbwa na vita, watu wake walihamia Mombasa wakaja na jina la mji walikotoka, wakalifanya jina la taifa lao. Kilindini nayo ilikuwa mji uliojitegemea katika kisiwa hicho hicho, upande wa magharibi, ukitazamana na Mvita iliyokuwa upande wa mashariki. Baadaye Wakilindini waliuhama mji wao wakajenga karibu na Mvita, katika sehemu ya Kibokoni. Hivyo, hata walipokuja kukaa jirani, kila kundi liliendelea kuwa na upande wake.

Fauka ya hayo, kila kundi lilikuwa na wendani wake wa bara miongoni mwa Wamijikenda. Wakilindini, kwa mfano, walifungamana na Wadigo. Inafaa kukumbuka kwamba jina Mijikenda lenyewe, lililoenea katika miaka ya 1940, maana yake ni miji tisa. Pwani ya Kenya, basi, imezoea kuwahesabu watu kwa miji yao, na kuijumuisha miji hiyo chini ya jina moja bila ya kuifuta.

Historia iliwafunza watu hawa haja ya kuungana. Wareno waliishambulia na kuichoma Mombasa mwaka wa 1505, wakarudi tena mwaka wa 1528 na mwaka wa 1589. Mnamo 1593 walianza kuijenga Ngome ya Yesu. Waomani waliitwaa ngome hiyo mwaka wa 1698 baada ya kuizingira kwa takriban miaka mitatu. Baadaye ukoo wa Mazrui, uliotoka Oman, ulishika utawala wa Mombasa katika nusu ya kwanza ya karne ya 18, na punde ukajitenga na watawala wa Oman.

Wamazrui walikuwa wachache. Walikaa ngomeni, lakini hawangeweza kuutawala mji bila ya ridhaa ya wenyewe. Thalatha Taifa walikuwa na kiongozi wao aliyeitwa tamimu, na Tisa Taifa vilevile. Mambo makuu ya mji yalipitia kwa viongozi hawa na wazee wa kila taifa. Liwali wa Kimazrui alikuwa kama mwamuzi kati ya pande mbili ambazo hazikuaminiana kikamilifu, na nguvu yake ilitegemea uwezo wake wa kuzisawazisha. Huu ndio mji aliozaliwa Muyaka.

Kuzaliwa na Maisha yake

Muyaka bin Mwinyi Haji al-Ghassaniy alizaliwa Mombasa yapata mwaka wa 1776 na kufariki yapata mwaka wa 1840. Nisba yake, al-Ghassaniy, huelekeza nasaba upande wa Uarabuni, kama zilivyo nisba nyingi za koo za pwani. Hata hivyo, maisha yake yote yanayojulikana ni ya mtu wa Mombasa, aliyezungumza na kutunga kwa Kimvita.

Muyaka hakuwa mwanachuoni wa kujifungia na vitabu. Alikuwa mtu wa biashara na safari za jahazi, na mashairi yake yanadhihirisha kwamba alizijua bandari za pwani, pepo za msimu, faida na hasara. Kuna mashairi yake yanayosema juu ya ukata na namna rafiki wanavyopungua mali inapopungua. Kuna yanayosema juu ya mapenzi na ndoa, ya upweke wa msafiri na ya kumtamani mke aliyeachwa nyumbani. Kuna ya dini, ya majuto na ya kutafakari jinsi dunia isivyodumu. Na kuna mengi ya siasa na vita.

Upana huu wa maudhui ndio uliompambanua. Kabla yake, na hata katika zama zake, ushairi ulioandikwa na kuheshimiwa zaidi ulikuwa wa tendi na kaswida, uliositawi hasa katika miji ya kaskazini ya Pate na Lamu. Ushairi huo aghalabu ulihusu dini, maisha ya Mtume na mawaidha. Katika zama hizo hizo za Muyaka, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi, akiutazama mji wa Pate ulioporomoka na kuyafanya magofu yake yawe somo la nafsi. Washairi hawa wawili hufaa kusomwa sambamba. Mmoja aliulilia mji uliokwisha kufa. Mwingine alisema ndani ya mji uliokuwa hai, wenye kelele, wenye madeni, wenye harusi na wenye maadui.

Ushairi wa Baraza na Soko

Wataalamu wengi wamekubaliana kwamba mchango mkuu wa Muyaka ulikuwa kuutoa ushairi katika mazingira ya kidini pekee na kuufikisha mahali pa watu wote. Bahari aliyoitumia ni shairi, lenye mishororo 4 katika ubeti, mizani 16 katika mshororo, na vina vya kati na vya mwisho. Hatusemi kwamba yeye ndiye aliyeibuni bahari hiyo. Beti za namna hii ziliimbwa katika ngoma na sherehe kabla yake. Alichokifanya ni kuipa hadhi na kuipanulia kazi, hata ikawa chombo cha kuchambulia mambo ya mji.

Sifa mbili za ushairi wake zinahusiana moja kwa moja na hoja yetu. Ya kwanza ni ufupi. Tungo zake nyingi ni za beti chache tu. Utungo wa namna hiyo unaweza kushikwa kwa moyo na msikilizaji asiyejua kusoma, akaupeleka kutoka baraza moja hadi jingine, kutoka upande wa Wamvita hadi upande wa Wakilindini, kabla jua halijatua. Hauhitaji kitabu wala msikiti. Wahitaji watu wanaoelewana.

Sifa ya pili ni fumbo na malumbano. Muyaka alipenda kufumba, na fumbo humtaka mwenziwe alifumbue. Mshairi alipotoa ubeti, alitazamia jawabu, na jawabu lilipaswa kufuata mizani na vina vyake. Mtu aliyeghadhibika hakuwa na ruhusa ya kujibu ovyo. Alilazimika kwanza kusikiliza vyema alichoambiwa, kukielewa, kisha kukijibu kwa sheria ile ile. Kwa hakika, malumbano ni ugomvi, lakini ni ugomvi wa watu waliokubaliana kuhusu namna ya kugombana. Katika mji wa mataifa 12, kila moja likiwa na fahari yake na kumbukumbu ya mji wake, makubaliano hayo hayakuwa jambo dogo.

Hapa ndipo tunapoweza kuanza kumjibu mwanafunzi wa Kakuma. Muyaka anapoutaja mji wake, hutumia majina ya mji mzima, yakiwemo yale ya kale: Mvita na Gongwa. Anapojigamba mbele ya maadui, hujigamba kwa niaba ya mji. Lugha yake ni Kimvita, lahaja ambayo wanaisimu wameonyesha kwamba yenyewe ilikuwa na vijilahaja ndani yake, kama vile Kijomvu na Kingare. Kwa hivyo, hata lugha ya mji haikuwa kitu kimoja kisicho na mikunjo. Ilikuwa jamvi lililosukwa kwa miyaa ya rangi mbalimbali, na watu wote waliweza kuketi juu yake.

Mshairi na Vita vya Mji

Haifai, hata hivyo, kumchora Muyaka kana kwamba alikuwa mpatanishi asiye na upande. Alikuwa mtetezi wa Wamazrui na wa Mombasa, na ulimi wake ulikuwa mkali kwa wapinzani wa pande hizo.

Yapata mwaka wa 1812, Mombasa ikishirikiana na Pate ilipeleka jeshi kupigana na Lamu. Vita vilipiganwa Shela, na watu wa Mombasa na Pate walishindwa vibaya. Ushindi huo uliwatia Walamu hofu ya kulipiziwa kisasi, wakaomba himaya ya Seyyid Said wa Oman. Kwa njia hiyo, ugomvi wa miji jirani uliifungulia mlango dola kubwa. Vita hivyo vilizaa pia mashairi ya kejeli na majigambo. Lamu ilikuwa na Zahidi Mngumi, kiongozi na mshairi wa vita. Mombasa ilikuwa na Muyaka.

Liwali Ahmad bin Muhammad alipofariki mwaka wa 1814, nafasi yake ilichukuliwa na mwanawe, Abdallah. Wanahistoria husimulia kwamba Abdallah, badala ya kumpelekea Seyyid Said zawadi za kawaida za utii, alimpelekea vazi la chuma la vitani, baruti, risasi na kibaba cha kupimia. Zawadi ile ilikuwa fumbo lisilo maneno, na Seyyid Said hakushindwa kulifumbua. Tukio hili linatuonyesha kwamba ufumbaji haukuwa pambo la washairi pekee katika Mombasa ya wakati huo. Ulikuwa namna ya kufikiri na ya kufanya siasa.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya mapambano. Wamazrui walipoteza Pate na Pemba mwanzoni mwa miaka ya 1820. Mwaka wa 1824 waliipandisha bendera ya Uingereza kwa msaada wa Kapteni William Owen wakitarajia kinga, lakini serikali ya London haikuuridhia mpango huo, na kufikia 1826 kinga hiyo ilikuwa imeondolewa. Seyyid Said alikuja mwenyewe na manowari mwaka wa 1828, akaingiza askari ngomeni kwa mapatano; watu wa Mombasa wakawazingira askari hao hadi wakaondoka. Akajaribu tena baadaye bila ya mafanikio. Katika miaka hiyo yote, mashairi ya Muyaka yalikuwa sehemu ya silaha za mji. Yaliwatia watu moyo, yaliwakejeli maadui, na yaliwaonya waliolegea.

Mwaka wa 1837 na Anguko la Mji

Ni muhimu kujiuliza kwa nini mji ulioweza kuzistahimili manowari ulianguka hatimaye pasi na vita kubwa. Jawabu limo ndani ya mji wenyewe. Baada ya kifo cha Liwali Salim bin Ahmad mwaka wa 1835, watu wa ukoo wa Mazrui waligombea madaraka. Ugomvi wa wakubwa uliuamsha ugomvi wa zamani wa pande mbili za mji. Baadhi ya wakubwa wa mji, hasa upande wa Thalatha Taifa, waliona kwamba hawapati haki yao chini ya utawala uliokuwapo, wakamwelekea Seyyid Said. Mwaka wa 1837 Seyyid Said aliingia Mombasa, na Liwali Rashid bin Salim akaiacha ngome. Muda mfupi baadaye, Rashid na wakubwa wenziwe takriban 25 wa ukoo wake walikamatwa kwa hila na kupelekwa kifungoni ng'ambo, hadi Bandar Abbas. Jamaa zao waliosalia walikimbilia Gazi kusini na Takaungu kaskazini.

Hapa pana funzo zito. Mji uliotokana na miji haukuangushwa na wingi wa mataifa yake. Wingi huo ulikuwapo katika miaka ya ushindi na ulikuwapo katika mwaka wa kushindwa. Kilichobadilika ni baraza. Upande mmoja ulipoona kwamba neno lake halina uzito tena ndani ya mji, ulilipeleka neno hilo nje, kwa mtu aliyekuwa tayari kulisikiliza kwa sababu zake mwenyewe.

Muyaka aliishi kuyaona hayo. Mtu aliyekuwa sauti ya mji uliojitawala aliimaliza miaka yake ya mwisho katika mji uliotawaliwa na Unguja. Alifariki miaka mitatu hivi baada ya anguko hilo.

Waliokuwa Nje ya Hesabu

Tungemdanganya msomaji iwapo tungeishia hapo na kuisifu Mombasa ya Muyaka kama kielelezo cha umoja. Mataifa yalikuwa 12, wala hayakuongezeka. Ndani ya mji ule ule waliishi watu wengi ambao hawakuhesabiwa katika mataifa hayo: watumwa waliolima na kupagaa, wafanyabiashara na mabaharia waliotoka Hadhramaut na Bara Hindi, pamoja na watu wa bara waliokuja mjini kwa biashara au kwa kukimbia njaa. Wengine waliweza, baada ya vizazi, kupata nafasi katika taifa fulani kwa njia ya ndoa au ulezi. Wengine hawakupata.

Watu hawa walizungumza Kiswahili. Walizisikia beti za Muyaka sokoni na pengine walizikariri vizuri kuliko wenyewe. Walikuwa na lugha ya mji, lakini hawakuwa na kiti barazani. Ikiwa tumesema kwamba mji hujengwa kwa baraza na lugha, basi ni lazima tukiri kwamba Mombasa ya Muyaka iliwapa watu hawa kimoja ikawanyima cha pili.

Jinsi Sauti Ilivyohifadhiwa

Muyaka hakuacha diwani iliyoandikwa kwa mkono wake. Mashairi yake yaliishi vinywani mwa watu kwa takriban miaka 40 baada ya kifo chake. Ndipo Mwalimu Sikujua bin Abdallah, msomi wa Mombasa aliyefariki mwaka wa 1890, alipoyakusanya kutoka kwa wazee waliokuwa wakiyakumbuka, akishirikiana na mmisionari Mwingereza William Taylor. Miswada yao ilifika London. Mwaka wa 1940 William Hichens aliichapisha Diwani ya Muyaka katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini. Mwaka wa 1979 Profesa Mohamed Hassan Abdulaziz alitoa kitabu kilichoyachambua mashairi hayo pamoja na usuli wake wa kihistoria, na ndicho ambacho wanafunzi wengi wa vyuo vyetu hukitegemea.

Jambo hili lina maana kwa hoja yetu. Ngome ilibadili wenyewe mara nyingi. Utawala wa Wamazrui ulikwisha. Lakini beti zilizosemwa barazani zilibakia kwa sababu watu wa pande mbalimbali za mji walizihesabu kuwa zao. Malenga waliofuata, kama Ahmad Nassir Juma Bhalo na Abdilatif Abdalla, waliirithi desturi hiyo ya Mombasa ya kuyasema mambo ya umma kwa shairi lenye fumbo. Abdilatif alifungwa kuanzia mwaka wa 1969 hadi 1972 kwa sababu ya maandishi yake ya kisiasa, na mashairi aliyoyatunga kifungoni yalichapishwa mwaka wa 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki.

Kutoka Mvita hadi Kakuma

Sasa na turejee Turkana lilikotoka swali. Lodwar, ambayo Wakenya wengi waliijua kwanza kama mahali alipozuiliwa Jomo Kenyatta tangu 1959 hadi 1961, leo ni makao makuu ya kaunti. Imekua kwa kuvikumbatia vijiji vilivyokuwa mbalimbali, kama vile Napetet, Nakwamekwi, na Kanamkemer iliyo ng'ambo ya mto Turkwel. Kakuma, iliyo takriban kilomita 120 kaskazini-magharibi mwa Lodwar, ina historia ya ajabu zaidi. Ilikuwa mji mdogo wa Waturkana kando ya mto Tarach hadi mwaka wa 1992, kambi ya wakimbizi ilipofunguliwa. Kambi ikaongezeka ikawa Kakuma ya Kwanza hadi ya Nne. Mwaka wa 2016 yakafunguliwa makazi ya Kalobeyei, yaliyokusudiwa wakimbizi na wenyeji waishi na kupata huduma pamoja. Mwaka wa 2025 serikali ya Kenya ilizindua Mpango wa Shirika, unaolenga kuzigeuza kambi ziwe makazi ya kudumu yaliyounganishwa na maeneo yanayozizunguka.

Huu nao, basi, ni mji unaozaliwa na miji. Wako waliokuja na jina la Bor, wengine Mogadishu, wengine Bukavu, wengine Bujumbura. Wako Waturkana ambao ardhi ni yao na ambao wameona, kwa zaidi ya miaka 30, wageni wakipewa chakula na maji huku wao wakiwa na njaa na kiu. Hakuna upande usio na dai. Neno shirika katika Kiswahili lina maana ya kushiriki kitu pamoja, kila mmoja akiwa na fungu lake. Ni jina jema. Linalobaki ni kuona kama kila upande utapata kiti barazani au utaachiwa lugha tu.

Kuhusu lugha, mwandishi ana kisa kimoja cha kukiri. Mwanafunzi kutoka Kongo aliandika katika insha yake kitenzi kuya, kwa maana ya kuja. Mwalimu alikikata kwa wino mwekundu, kama alivyokata maumbo mengine mengi ya Kiswahili cha Kongo na cha Burundi, akaona ametimiza wajibu. Miaka miwili baadaye, akisoma tendi kwa ajili ya shahada ya uzamili, alikikuta kitenzi kuya katika Kiamu na katika ushairi wa kale ambao sisi sote tunaufundisha kama hazina. Umbo ambalo katika insha ya mkimbizi tuliliita kosa, katika utenzi tunaliita lahaja. Kiswahili sanifu kina kazi yake shuleni, na mtihani hauna budi kuwa na kipimo. Hata hivyo, mwalimu angeweza kumwambia mwanafunzi yule kwamba neno lake lina jamaa wa heshima, kisha akamwonyesha umbo sanifu. Hakufanya hivyo, na mwanafunzi huyo hakuandika tena insha ndefu muhula ule.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba Muyaka bin Haji alikuwa zao la mji uliojengwa na mataifa 12, na kwamba ushairi wake uliwapa watu wa mataifa hayo namna ya kusikilizana, ya kukejeliana na ya kujibizana bila ya kuacha kuwa watu wa mji mmoja. Yameonyesha pia kwamba lugha peke yake haikutosha. Baraza liliposhindwa kuusikiliza upande mmoja, mji ulimpoteza mwenyewe wake. Na wale ambao hawakuwahi kuhesabiwa hawakuwa na cha kupoteza.

Mwanafunzi wa Kakuma aliuliza kama watu wa makundi mengine ya Mombasa walikubali Muyaka awasemee. Jawabu tunaloweza kumpa sasa ni kwamba waliokuwa wakizijibu beti zake walimkubali, kwani mtu hamjibu kwa vina asiyemtambua. Wale ambao hawakupewa nafasi ya kujibu hawakuulizwa. Kwa walimu wa Kiswahili waliopo Lodwar, Kakuma na Kalobeyei, kazi iko hapo: kuhakikisha kwamba mtoto wa Mturkana na mtoto wa mkimbizi wanaifahamu sheria ya malumbano, na kwamba kila mmoja ana ubeti wake wa kujibu.